Lugha Kwanza, Chuo Kikuu Baadaye

Liko jambo linalobishaniwa sana mabwenini, nalo ni hili: Je, mwanafunzi amalizaye Kidato cha Nne akaenda chuo cha kati kusoma lugha ya kigeni, badala ya kwenda Kidato cha Tano, amepotea njia? Wengi wetu husema amepotea. Mimi nasema hakupotea, nami nitaeleza sababu zangu moja moja, ili wenzangu, walimu wetu na wazee wetu wazipime.

Jambo hili si la mchezo kwetu sisi wa darasa la mwisho. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wa Taifa, na kila mmoja wetu hana budi kujaza fomu ya machaguo, Selform kama tuiitavyo. Katika fomu hiyo zimo tahasusi za Kidato cha Tano, na vyuo navyo vimo. Tahasusi tunazijaza kwa moyo. Vyuo tunavijaza kwa kuwa tumeambiwa tusiache nafasi tupu. Yule aandikaye chuo mahali pa kwanza huchekwa, huambiwa amekata tamaa mapema. Na habari ikifika nyumbani, wako wazazi waifichao kwa majirani, kana kwamba mtoto amefungwa.

Nitazungumza hasa juu ya Kireno na ndugu yake Kihispania, kwa sababu hizo ndizo lugha nilizozifikiria sana. Lakini maneno haya yamhusu pia apendaye Kifaransa, Kiarabu, Kijerumani au Kichina.

Sababu ya kwanza ni nchi yetu wenyewe. Pwani hii ya Kilwa na Lindi haisomeki kwa lugha moja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na habari za safari yake zikaandikwa kwa Kiarabu. Historia ya kale ya masultani wa Kilwa nayo iliandikwa kwa Kiarabu, na nakala yake iliyofika mikononi mwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja karne ya 19, imehifadhiwa London. Habari hizo hizo zilitiwa pia katika Kireno na João de Barros, katika kitabu kilichopigwa chapa Lisbon mwaka 1552, ingawa yeye mwenyewe hakupata kukanyaga mchanga wa Kilwa. Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa Kisiwani mwezi wa Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Taarifa walizoandika ni za Kireno. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Karatasi za shauri hilo la huzuni ni za Kifaransa. Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, wilaya yetu ya Kilwa, mwaka 1905; majalada ya serikali iliyopigana na babu zetu ni ya Kijerumani. Na mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru, mkoa wetu wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, imesimamishwa Berlin, na vitabu vya kwanza vya wachimbaji wake ni vya Kijerumani pia.

Basi tazameni hali yetu. Mtoto wa Kilwa atakaye kujua mji wake ulivyotekwa, humsubiri Mwingereza au Mmarekani asome Kireno, atafsiri kwa Kiingereza, kisha kitabu kipite bahari kitufikie. Mambo yaliyotokea mlangoni petu twayapokea kwa mkono wa tatu. Mimi siwalaumu hao waliotafsiri. Wamefanya kazi kubwa nasi twawashukuru. Lakini mgeni huyatazama maneno kwa jicho lake. Akikuta jina la kitongoji, la samaki au la ukoo, hukisia, na sisi tulio hapa tungelitambua mara moja. Mzee wa Kisiwani akimsikia kijana akimsomea Kireno kwa Kiswahili, angemsahihisha hapo hapo. Kazi hiyo yatungoja sisi, na haitafanywa na mtu asiyejua lugha.

Sababu ya pili ni kwamba lugha hizi si ngeni kama tudhanivyo. Tunapoketi mezani tunasema Kireno bila kujua, maana meza ni neno la Wareno, na Wahispania nao husema vivyo hivyo. Bendera tupandishayo asubuhi ni bandeira kwa Mreno na bandera kwa Mhispania. Mvinyo, karata na leso vimetoka huko huko. Hata boma lile kubwa liitwalo Gereza, ambalo kila mgeni wa Kilwa Kisiwani huonyeshwa, lina jina lililotokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa nyumba ya wafungwa vinywani mwa watu wa pwani, hilo nalo ni somo la historia. Na Kihispania kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, zitamkwazo karibu sawa na zetu. Mwingereza hutaabika miezi mingi kuzipata; Mswahili anazo tangu kuzaliwa. Kireno ni kigumu kidogo kwa masikio kwa sababu sauti nyingine hupitia puani, lakini aliyekishika kimoja kati ya hivyo viwili hukisoma cha pili bila taabu kubwa.

Sababu ya tatu ni jirani na kazi. Ng'ambo ya Ruvuma watu wanasema Kireno maofisini, mashuleni na mahakamani. Jirani huyu si wa jana. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikaanza vita vya ukombozi mwaka 1964, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, hapa hapa mkoani Lindi, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Tuliwapa ndugu zetu ardhi, chakula na damu, lakini lugha yao hatukuishika. Leo liko Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Daraja la chuma na saruji limekwisha jengwa. Daraja la maneno bado.

Tena Kiswahili chetu kimepanda cheo. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ilikifanya lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Tulishangilia sana, na ilipasa. Lakini lugha ikikaribishwa barazani yahitaji mkalimani wa kukaa nayo. Nani atakayetafsiri hotuba ya Kireno kuwa Kiswahili kizuri moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza? Mtu huyo hazaliwi siku ya mkutano. Lazima awe ameanza kusoma miaka mingi kabla. Kihispania nacho kina watu karibu milioni 500 waliozaliwa nacho, na katika bara letu hili hili nchi ya Guinea ya Ikweta hukitumia serikalini. Kiwanda cha Kibaha kitengenezacho dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichofunguliwa mwaka 2015, kimejengwa kwa utaalamu wa Cuba, nchi ya Kihispania. Sisi wa pwani hii twaijua malaria kuliko wengi. Je, haitufai kuwa na vijana wetu wawezao kumwuliza mtaalamu wa Cuba maswali kwa lugha yake?

Sasa nije katika kiini cha neno langu: kwa nini chuo kwanza?

Lugha ni kazi ya mikono kama kusuka nyavu. Huwezi kuisoma usiku mmoja kwa ajili ya mtihani. Yataka saa nyingi, kila siku kidogo kidogo, mbele ya mwalimu akusahihishaye mdomo. Chuo kikuu hakikuwekwa kwa kazi hiyo hasa. Huko mtu hutazamiwa asome vitabu, apime hoja, aandike. Mwanafunzi aingiaye akiwa hajui hata kusalimu, mwaka wake wa kwanza wote huishia katika salamu na hesabu za moja mpaka mia, na ile miaka mitatu ya shahada humalizika kabla hajasoma kitabu kimoja kizima. Aliyekwisha kuivunja lugha mgongo chuoni huingia chuo kikuu akiwa na zana mkononi.

Wala hili si geni. Miaka ya 1960 na baadaye, vijana wengi wa Afrika, na wa nchi yetu pia, walipelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu. Katika Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow, kilichofunguliwa mwaka 1960, mgeni alisoma Kirusi kwanza ndipo akaingia katika uhandisi au udaktari. Huko Leipzig, katika Ujerumani Mashariki ya siku zile, Taasisi ya Herder iliwafundisha wageni Kijerumani kabla ya kuwapeleka vyuo vikuu. Huko Cuba mgeni asiyejua Kihispania husoma lugha hiyo kwanza kabla ya kuanza udaktari. Watu hao walirudi wakawa waganga, wahandisi na walimu. Hakuna aliyewaambia kwamba ule mwaka wa lugha ulikuwa alama ya kushindwa. Kwa nini basi jambo lililokuwa busara Moscow na Leipzig liwe aibu Dar es Salaam au Unguja?

Marekani nako wana vyuo vya jamii, na cha kwanza cha serikali kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, karibu na Chicago. Mwanafunzi husoma hapo miaka miwili kwa ada ndogo, mara nyingi akilala kwao, kisha huhamia chuo kikuu, na masomo aliyofaulu huhesabiwa. Anayetaka Kihispania hukianza pale, na akifika chuo kikuu hupokewa mahali alipoishia.

Hapa kwetu njia ipo pia, ingawa haitangazwi sana. Mwenye ufaulu wa masomo manne katika Kidato cha Nne aweza kusoma cheti kwa mwaka mmoja, kisha stashahada kwa miaka miwili, na akipata wastani usiopungua 3.0, Tume ya Vyuo Vikuu humruhusu kuomba shahada. Kurasini, Dar es Salaam, kipo Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa mapatano ya Tanzania na Msumbiji, nacho leo chaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hata 2001. Hapo mtu huanza na cheti akapanda mpaka shahada, na lugha za kigeni ni sehemu ya masomo. Zanzibar ipo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, maarufu kwa jina la TAKILUKI, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Haifai kusema upande mmoja tu. Wanaonipinga wana hoja tatu zenye nguvu, nami nitazijibu kwa haki.

Hoja ya kwanza ni muda. Kidato cha Tano na cha Sita ni miaka miwili, na shahada mitatu, jumla mitano. Cheti, stashahada na shahada ni miaka sita. Ni kweli, njia ya chuo ni ndefu kwa mwaka mmoja. Lakini mwenye kwenda njia hiyo ana karatasi mkononi kila kituo. Akikwama baada ya mwaka wa tatu kwa sababu ya ugonjwa au umaskini, ana stashahada na aweza kufanya kazi. Aliyekwama baada ya Kidato cha Sita hana ufundi wowote wa kumwonyesha mwajiri.

Hoja ya pili ni fedha, na hii ndiyo inayowauma wazee wetu. Tangu mwaka 2022 serikali imefuta ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule zake. Chuo ni cha kulipia. Mikopo ya serikali ilianza kutolewa kwa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani chache zilizochaguliwa. Mzazi auzaye ufuta au korosho mara moja kwa mwaka, au pweza kila bamvua, akiambiwa njia moja ni bure na nyingine ina ada, atachagua ya bure, na siwezi kumlaumu. Kwa hiyo simwambii kila mtu aende chuo. Namwambia mzazi mwenye uwezo, ambaye mwanawe ana kipawa cha lugha, asiikatae njia hiyo kwa sababu ya aibu peke yake. Ada ni sababu. Aibu si sababu.

Hoja ya tatu ni kwamba wengi waendao vyuoni hawafiki chuo kikuu. Kweli kabisa. Wastani chini ya 3.0 hufunga mlango, na vyuo vina starehe zake. Lakini hata Kidato cha Sita kina watu wasiofika. Njia haimfikishi mtu. Miguu ndiyo imfikishayo.

Naongeza lalamiko moja, nalo ni langu, si la wapinzani. Kwa desturi ya hapa kwetu, aliyemaliza stashahada akiingia shahada huanza mwaka wa kwanza sawa na aliyetoka Kidato cha Sita. Akiwa amesoma lugha miaka mitatu, huketi tena na wanaojifunza kusalimu. Huo ni upotevu wa mali na wa akili. Naomba wakubwa wa vyuo vikuu wampime mtu kama huyo kwa mtihani, na akifaulu wampokee mahali alipoishia, kama wafanyavyo Marekani.

Sasa nina mashauri matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu hapa pwani.

Kwanza, twafanya mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na Kidato cha Tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya miezi saba ya kukaa nyumbani, ambayo wengine huitumia vizuri na wengine huimaliza vibarazani. Kilwa Masoko kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja katika vile vilivyoanza kufunguliwa tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Vyuo hivyo viliwekwa kwa ajili ya watu wa mahali, kuwafundisha ushoni, useremala, kilimo na mengineyo. Naomba wakubwa wafikirie kuongeza darasa moja la lugha ya kigeni katika miezi hiyo. Wanafunzi wawe sisi tunaongoja, na pia vijana wanaowatembeza wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mgeni aweza kutoka Lisbon, Madrid au Paris. Akisalimiwa kwa lugha yake hukaa siku ya pili, na siku ya pili ni fedha kwa mwenye mashua na kwa mama apikaye chakula.

Pili, shuleni kwetu tuanzishe chama cha lugha, kama tulivyo na cha mdahalo. Mwalimu wa Kireno hatuna, lakini kitabu kimoja cha kuanzia na redio vyaweza kuwafanya wanafunzi kumi waanze. Mwanafunzi ajaribu kwanza, ajue kama moyo wake uko huko, kabla hajaandika fomu na kabla mzazi hajauza kitu.

Tatu, nawaomba walimu wetu, kwa heshima zote, watueleze habari za vyuo kama watuelezavyo habari za tahasusi: ni chuo gani, kimesajiliwa au hakikusajiliwa, ada ni kiasi gani, na mwisho wake ni wapi. Wako watu waliolipa ada kwa vyuo visivyotambuliwa, wakatoka na karatasi isiyopokewa popote. Mwanafunzi asiyeelezwa hufuata rafiki yake, na rafiki yake naye hakuelezwa.

Kwenu wazazi, neno langu ni fupi. Mtoto akikwambia ataka kusoma lugha, usimwulize, "Wenzako wamekwenda Kidato cha Tano, wewe una nini?" Mwulize: lugha gani, chuo gani, kwa kazi gani, na baada ya hapo wapi. Akiwa na majibu manne, amekwisha fikiri kuliko wengi waliojaza tahasusi kwa kumtazama jirani. Akiwa hana, mrudishe akafikiri.

Nanyi wenzangu wa Kidato cha Nne, fomu hiyo mwaijaza kwa mkono wenu, nanyi ndio mtakaoishi na majibu yake. Atakayekwenda Kidato cha Tano, aende kwa heri asome kwa bidii. Atakayekwenda chuo, aende kichwa juu, na asisahau ile 3.0. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mabaharia wetu walijua kwamba chombo kikipinda upepo hufika sawa na kilichokwenda moja kwa moja, mradi nahodha ajue aendako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne